Nani Atarudi Lahaina?

Maneno haya niliyasema ukumbini, Unguja, mbele ya masheha (viongozi wa serikali wa mitaa yetu), wahandisi, wanafunzi wa mipango miji na wakazi wa Mji Mkongwe na Ng'ambo. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wasiojaaliwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Asalaam aleykum.

Mwenyekiti, masheha wetu mliokuja kwa wingi, wazee wangu, mama zangu, wahandisi, na nyinyi vijana mliokosa viti huko nyuma: ahsanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze kuhusu kuujenga mji upya baada ya moto. Mwenyekiti kaniambia niseme nitakalo, ila nisikuchosheni. Hilo la kwanza nitaliweza.

Mji wenyewe unaitwa Lahaina. Upo kisiwa cha Maui, Hawaii, katikati ya Pasifiki, na bendera inayopepea pale ni ya Marekani. Kutoka hapa ni karibu nusu ya dunia. Lakini hebu nikuelezeni ulivyokuwa, kisha mniambie kama mji huu ni mgeni kwenu.

Ni mji wa pwani, mdogo, watu kiasi cha 12,000 na ushei. Una barabara moja inayofuata ukuta wa bahari, Front Street, maduka upande huu, maji upande ule, na jioni watalii wanapita na askrimu zao mkononi. Zamani palikuwa makao ya wafalme wa Hawaii, mpaka mwaka 1845 serikali ilipohamia Honolulu. Nyumba ni za mbao, kongwe, zimesongamana. Wanaofagia vyumba vya hoteli na kupika jikoni wanaishi vichochoroni, mara nyingi babu, watoto na wajukuu chini ya paa moja, na wengi wao ni watu waliotoka Ufilipino, wao au wazee wao. Na Lahaina ya kale ilisifika kwa mti gani? Mshelisheli. Ndiyo, shelisheli hili hili mnalolikaanga nyumbani. Mji wote ulikuwa chini ya kivuli cha mishelisheli.

Sasa, bado ni mgeni?

Basi wakaja watu wa miwa. Kinu cha Pioneer Mill kilianza mwaka 1860. Maji ya vijito yaliyokuwa yakiteremka mjini yakageuzwa njia kwenda mashambani. Palikuwa na bwawa, na katikati ya bwawa kisiwa kidogo walichokaa wafalme, Mokuʻula. Mwaka 1914 likafukiwa, pakawa uwanja wa mpira. Mji uliokuwa na maji na kivuli ukakauka, taratibu, kwa karne nzima, na waliofaidika na miwa hawakuona tatizo. Mwaka 1999 kinu kikafungwa. Wenyewe wakaondoka, mashamba yakabaki.

Nakuulizeni nyinyi wakulima: shamba likiachwa, linaota nini?

Linaota majani. Na majani gani? Hapa ndipo Afrika inapoingia kwenye hadithi hii, na si kwa sifa. Yapo majani marefu ya malisho ambayo asili yake ni bara letu hili. Wazungu wanayaita majani ya Guinea. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wanayajua vizuri, wanayakata kulishia ng'ombe. Yalipelekwa Hawaii kwa kazi hiyo hiyo ya malisho. Huku kwetu yana wa kuyala: ng'ombe, nyati, swala. Kule yakabaki peke yake na mvua. Yakipata maji yanaweza kurefuka sentimita 15 kwa siku moja, na jua likiwaka yanakauka yakiwa yamesimama. Majani ya kigeni ya namna hii yamefunika karibu robo ya ardhi yote ya Hawaii, na juu ya Lahaina, kwenye miteremko iliyokuwa ya miwa, yalifika mpaka nyuma ya nyua za watu.

Kwa hiyo mtu akikwambieni moto wa Lahaina ulianza mwaka 2023, mwambieni arudi nyuma kidogo.

Tarehe 8 Agosti 2023. Kimbunga kiitwacho Dora kinapita mbali kusini, mamia ya kilomita. Mvua yake haikufika Lahaina. Kilichofika ni upepo, unaoteremka milimani kwenda baharini kwa kasi iliyozidi kilomita 100 kwa saa. Alfajiri nguzo za umeme zinaanguka. Kiasi cha saa 12 na nusu asubuhi, waya zilizokatika zinarudishiwa umeme, majani yanashika. Zimamoto wanakuja, wanaupiga maji, wanatangaza kwamba wameudhibiti. Wanakaa pale kwa saa kadhaa wakimwaga maji na kuangalia. Saa 8 na robo mchana hivi, hawaoni moshi, hawaoni kitu, wanaondoka. Kabla ya kutimia saa 9 moto unainuka tena, maeneo yale yale. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2024 ilisema moto wa mchana ulikuwa ni ule ule wa asubuhi. Kaa moja tu lilijificha.

Usiku ulipoingia, mji ulikuwa umekwisha. Watu 102 wamefariki, wengi wao wazee. Majengo zaidi ya 2,200 yameteketea, mengi yakiwa ni nyumba za kuishi. Hasara ilikadiriwa dola bilioni 5.5. Kwa zaidi ya miaka 100 Marekani haikuwa imeona moto wa nyika ulioua watu wengi namna ile.

Mtaniuliza: ving'ora je? Hawaii ina mtandao mkubwa sana wa ving'ora, kiasi cha 400, na kila mwezi vinajaribiwa. Siku ile Lahaina havikulia. Hata kimoja. Mkuu wa dharura wa kisiwa alipoulizwa alisema ving'ora vile watu wamezoea kuvisikia kwa ajili ya tsunami, na vikilia wangekimbilia juu milimani, yaani ndani ya moto. Siku iliyofuata akajiuzulu. Mimi jibu lake sikulicheka, kama wengine walivyolicheka. Nilijiuliza: sisi hapa, king'ora kikilia saa hizi, nani anajua akimbilie wapi? Simu nazo zilikuwa hazishiki, minara imekatika umeme. Na ujumbe uliotumwa ulikuwa kwa Kiingereza, katika mji wenye maelfu ya watu wanaoongea Kiilokano na Kitagalog nyumbani kwao.

Barabara zilizibwa na nguzo zilizolala na waya ambazo hakuna aliyejua kama zina umeme au hazina. Magari yakasimama foleni Front Street, moto unakuja kwa nyuma. Watu wakaruka ukuta wakaingia baharini. Kaa kidogo ulifikirie hilo, ndugu yangu: mama amemkumbatia mtoto, maji ya kifuani, mbele moshi, nyuma mawimbi, upepo unamwaga cheche kichwani, na ni saa nyingi, si dakika. Walinzi wa pwani waliwatoa watu 17 majini. Zimamoto wenyewe maji yaliwakatikia mabombani, kwa sababu nyumba zilipoungua mabomba yake yalipasuka na maji yakavuja mji mzima. Wako waliopigana usiku kucha huku nyumba zao wenyewe zikiungua mitaa ya jirani.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu bila hayo hatutaelewa ujenzi wenyewe. Sasa twende kwenye ujenzi.

Siku zilizofuata ilisambaa picha moja, na nadhani wengi mliiona. Front Street nzima ni majivu, na katikati imesimama nyumba moja ya mbao, kuta nyeupe, paa jekundu, nzima. Watu wakasema muujiza. Wengine wakasema picha ya kughushi. Ilikuwa nyumba ya kweli, ya karibu miaka 100. Wenyewe walikuwa wameikarabati si muda mrefu kabla. Waliondoa paa la zamani wakaweka bati zito. Wakang'oa mimea yote iliyogusa ukuta, wakatandaza mawe ya mtoni kuzunguka nyumba, upana wa pale matone ya paa yanapoangukia. Basi. Na unajua kwa nini waliweka yale mawe? Mchwa! Walikuwa wakiogopa mchwa, moto haukuwa hata akilini mwao.

Wahandisi mnajua kwa nini ilipona. Moto wa namna hii hauji kama ukuta wa ndimi unaosukuma nyumba moja baada ya nyingine. Unatuma cheche mbele, maelfu kwa maelfu, na kila cheche inatafuta pa kutua: makuti, majani makavu kwenye mfereji wa paa, kichaka chini ya dirisha, tundu la hewa lisilo na wavu. Ikikosa pa kutua inazimika. California wamelijua hili kwa uchungu. Mji wa Paradise uliteketea Novemba 2018, watu 85 wakafa, na nyumba zilizojengwa baada ya sheria kali za mwaka 2008 zilipona kwa kiwango kikubwa kuliko zile za zamani. Sheria hizo zinazungumzia mambo madogo madogo: paa, madirisha, wavu wa matundu. Hakuna waziri anayekata utepe kwa ajili ya wavu wa tundu la hewa, ndiyo maana jambo hili halina msemaji.

Nimewasikia mkiguna hapo niliposema makuti. Nitarudi.

Sasa kifusi. Watu wanadhani baada ya moto unaanza kujenga. Hapana. Unaanza kuzoa, na kuzoa kunaweza kuchukua mwaka na zaidi. Nyumba kongwe zikiungua, majivu yake ni sumu: asbesto ya mapaa, madini ya risasi katika rangi za zamani, aseniki. Upepo ukipuliza, sumu inaingia vifuani na baharini kwenye matumbawe. Lahaina walifanya hivi. Kwanza wakanyunyizia majivu kitu cha kuyagandisha. Kisha, kiwanja kwa kiwanja, wafanyakazi waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wakayalowesha, wakayachota, wakayafunga ndani ya mashuka mazito ya plastiki juu ya lori, wakayaziba, ndipo lori likaondoka. Pembeni amesimama mtu wa mila, mwenyeji, kazi yake kuangalia kama katika mchanga ule kuna mifupa ya mababu au kitu cha kale. Kila kiwanja. Jeshi la wahandisi wa Marekani ndilo lililosimamia. Viwanja vya makazi vilikamilika mwaka mmoja baada ya moto, vya biashara Februari 2025. Jumla ni kiasi cha tani 400,000.

Na tani hizo uzimwage wapi, kwenye kisiwa? Hapo watu waligombana sana, na waligombana kwa haki. Wa Olowalu, ambako kifusi kiliwekwa kwa muda, walisema: pwani yetu ina matumbawe bora kabisa, kwa nini sisi? Ukaahidiwa uhamisho, na baadaye kikahamishiwa karibu na dampo kuu la kisiwa. Nauliza tu, sina jibu mfukoni: Unguja tukipata tani elfu chache za kifusi chenye asbesto, tunajua tutapeleka wapi? Kama hatujui leo tukiwa tumekaa kwenye viti, tutaamua vipi siku ambayo watu wanalia?

Maji nayo. Mabomba ya plastiki yakipata joto, na presha ikishuka, yanafyonza moshi na kemikali ndani. Benzini, kemikali ya sumu, inaingia kwenye kuta za bomba. Paradise waligundua hilo, Lahaina wakalijua tangu mwanzo, na bado ilichukua mwaka mzima mpaka sehemu ya mwisho ya mji ikaambiwa: maji haya sasa kunyweni.

Haya. Tumezoa, tumesafisha maji. Sasa nakuja kwenye swali lililonileta hapa. Nani atarudi?

Sikuulizeni lini mji utajengwa. Hilo ni swali la wakandarasi, na wakandarasi wapo. Naomba mnijibu: nani atarudi?

Paradise, kabla ya moto, ulikuwa na watu 26,000 hivi. Sensa ya 2020, chini ya miaka miwili baadaye, iliwakuta 4,764. Santa Rosa, mji mwingine wa California, uliungua Oktoba 2017. Mtaa wake uitwao Coffey Park ulipoteza nyumba zaidi ya elfu moja, na baada ya miaka mitatu hivi nyingi zilikuwa zimesimama tena. Kwa nini kule waliweza haraka? Wengi walikuwa na nyumba zao, na bima, na hati safi. Majirani wakajipanga mtaa kwa mtaa, kila kipande na kiongozi wake, wakakaa na kampuni za ujenzi kwa pamoja. Jambo zuri, nalisifu. Lakini lina kiini chake ndani: anayerudi haraka ni yule mwenye hati na bima. Mpangaji hayumo. Mpangaji hana kiwanja cha kuzolewa kifusi, hana kibali cha kuomba, hana ramani ya kupitisha. Nyumba aliyokaa miaka 20 ikiungua, jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Na Lahaina ilikuwa imejaa wapangaji.

Siku chache tu baada ya moto, watu hawajazika, simu zikaanza kulia. Madalali. Una kiwanja Lahaina? Tunanunua. Taslimu. Hata mkifuata simu mkaona ni za uongo, fikirieni hali ya anayepigiwa: nyumba imeungua, mkopo wa benki bado anaulipa, bima haijajibu, yuko kwenye chumba cha hoteli na watoto wanne. Bei ya kati ya nyumba Maui ilikuwa imeshapita dola milioni moja kabla ya hapo. Gavana Josh Green akatumia amri ya dharura kupiga marufuku kumfuata mtu na ofa ambayo hakuiomba katika maeneo yaliyoungua. Mji ukajaa mabango yanayosema Lahaina haiuzwi. Wenyeji wakaunda amana ya ardhi ya jamii, Lahaina Community Land Trust, ili anayelazimika kuuza aiuzie jamii, na ardhi ibaki mikononi mwa watu wa Lahaina daima. Wazanzibari mnacheka, maana mnasema: si wakfu huo? Ndiyo, ni ndugu yake wa karibu. Babu zetu walilijua jambo hili. Sisi tumeufanyia nini wakfu wetu katika Mji Mkongwe, hilo ni la kikao kingine.

Sasa sikilizeni hadithi ya wapangaji, maana hii ndiyo iliyonishika kuliko zote.

Waathirika waliwekwa hotelini. Wakati fulani walikaribia 8,000. Tazama mambo haya: mwanamke aliyekuwa akitandika vitanda vya hoteli, sasa analala katika kitanda kile kile kama mgeni wa serikali. Oktoba 8, miezi miwili kamili baada ya moto, utalii ukafunguliwa rasmi upande ule wa kisiwa. Wengi walisaini maombi kwamba bado, bado hatujapumua. Ukafunguliwa. Kwa hiyo mtu analala hoteli hii kama mhanga, asubuhi anavaa sare anakwenda hoteli ya jirani kumwambia mtalii karibu sana, na mtalii anamuuliza kwa huruma: wewe ulikuwepo? Nyumba yako iliungua? Kila siku, meza kwa meza.

Wakati huo huo, kisiwa kilikuwa na maelfu ya nyumba na fleti zilizokuwa zikipangishwa watalii kwa usiku. Nyumba zipo! Watu hawana nyumba, na nyumba zipo. Na serikali kuu ilipoanza kuwalipa wenye nyumba fedha nzuri ili wapokee waathirika, wako wenye nyumba waliowatoa wapangaji wao wa zamani wapate kuingia kwenye mpango huo. Familia ambayo moto haukuigusa, ikatolewa na kodi. Unaona?

Basi vijana wa Lahaina wakafanya jambo. Novemba 2023 wakaenda ufukwe wa Kāʻanapali, mbele ya hoteli kubwa kabisa, wakapiga mahema, wakachomeka mishipi ya kuvulia mchangani. Kwa nini mishipi? Kwa sababu kulala ufukweni kinyume cha sheria kungewatoa usiku ule ule, lakini kuvua samaki pale ni haki ya mwananchi, mchana na usiku. Wakasema: tunavua. Tunavua nyumba. Walikaa pale kwa miezi. Mtalii anateremka asubuhi na taulo lake, anakuta mishipi imepangwa, bendera za Hawaii zinapepea, watu wanachemsha kahawa. Mwezi Mei 2024 meya wa Maui, Richard Bissen, akapendekeza kuondoa kiasi cha fleti 7,000 za kisiwa katika biashara ya kupangisha watalii, ili wakae watu. Vikao vikajaa. Mwenye fleti anasema mmeniua, mpangaji anasema mimi mlishaniua. Mjadala ulichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Nimewauliza wanafunzi wangu nani mwenye haki katika ugomvi ule. Wamegawanyika, na wazazi wao wanapangisha wageni, kwa hiyo naelewa. Mimi niko upande wa mishipi.

Kuhusu fedha nitapita mbio. Agosti 2024 yalitangazwa makubaliano ya kiasi cha dola bilioni 4 kwa waathirika. Karibu nusu inatoka kwa shirika la umeme la Hawaiian Electric, nyingine kwa jimbo, kaunti, wenye ardhi wakubwa na kampuni za mawasiliano. Hapo hapo kampuni za bima zikasema na sisi tuna chetu, tulishalipa fidia, turudishiwe. Wakaburuzana mpaka Mahakama ya Juu ya Hawaii, na Februari 2025 mahakama ikaziambia kampuni za bima haziwezi kwenda zenyewe kuwadai waliosababisha moto. Miezi yote hiyo, mtu aliye hemani au kwenye nyumba ya muda anasoma bilioni nne gazetini, na mfukoni hana kitu. Miaka miwili ilipotimia, nyumba zilizokamilika Lahaina zilihesabiwa kwa makumi, na zilizoteketea zilikuwa kwa maelfu.

Lakini wapo waliokuwa wakijenga bila kungoja. Pale mjini kuna mti mkubwa wa jamii ya mikuyu uliotoka India, ulipandwa mwaka 1873 ukiwa mche wa urefu wa mlango, na baadaye ukatandaa ukawa na mashina 46. Uliungua ukawa mweusi. Wataalamu wa miti wakauchimbia udongo, wakauwekea mboji, wakaumwagilia, na wiki chache tu baadaye ukachipua. Dunia nzima ikapiga picha. Mimi ningeomba wapige picha ya mishelisheli. Ile michache iliyokuwa imebaki tangu zamani karibu yote iliungua, na hakuna mtalii aliyejua. Wakulima wenyeji wakaenda na majembe, wakachimba mizizi iliyokuwa hai bado, wakaipeleka ikaoteshwe, ili aina ile ile ya Lahaina irudi. Pamoja na hiyo wakadai maji: vijito virudishwe mjini, bwawa la Mokuʻula lifukuliwe. Wanasema mji wenye maji na kivuli hauungui kirahisi. Na kisayansi wako sawa kabisa.

Nilisema nitarudi kwenye makuti. Ndugu zangu wa hoteli mliomo humu, mnajua kila msimu wa kaskazi paa moja la makuti linaweza kubeba mengine matano, na sitakuambieni muache makuti, maana nitafukuzwa kisiwani. Nakuombeni nafasi kati ya paa na paa, tangi la maji lisilotegemea umeme, na lori la zimamoto liweze kupita pale mlipoweka vitanda vya jua. Mji Mkongwe nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, si kama zile za Lahaina, lakini dari ni boriti za mikoko, ngazi ni mbao, na waya za umeme mnaziona wenyewe zilivyoning'inia. Gari la zimamoto haliingii vichochoroni. Kwa hiyo anayezima moto katika dakika 10 za mwanzo ni jirani, na jirani akishaondoka nyumba zikawa za wageni wa usiku mbili tatu, nani ataujua mfereji ulipo? Swali la nani anakaa mjini ni swali la zimamoto pia.

Na hili la mwisho ni kwa masheha. Kwenu nyinyi limo daftari la wakazi wa shehia. Huku kwetu ardhi ni mali ya Serikali na sisi tuna haki ya matumizi. Mpangaji hana hata hiyo. Ana daftari lenu tu. Lahaina mtu alisimama mbele ya dirisha la ofisi, karatasi zake zote zimeungua, akaambiwa thibitisha kwamba ulikuwa unaishi pale. Akaonyesha nini? Picha ya sherehe ya kuzaliwa sebuleni? Bili ya simu ya zamani?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Andikeni wapangaji. Chumba kwa chumba, pamoja na yule binti wa kazi anayelala chumba cha uani, na wale vijana wanne kutoka Pemba waliochangia chumba kimoja Kikwajuni. Wenye nyumba wengine hawatapenda, kwa sababu za kodi mnazozijua, lakini waandikeni. Na nakala ya daftari isikae ofisi ile ile. Ipelekwe wilayani, ipigwe picha, iwekwe mahali pengine palipo mbali na mtaa wenu. Wiki ijayo wanafunzi wangu 12 wako tayari kuja kusaidia kuandika, bila malipo, chai tu. Majina yao yako mezani kwa mwenyekiti pale mlangoni. Sheha anayewahitaji ajiandikishe kabla hajatoka.

Ahsanteni. Nayapokea maswali.